Baba amepewa alama 3, kaka anasema tumwachie apumzike

Shikamoo Daktari.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi. Simu inakaribia kuzima, kwa hiyo nisamehe nikirukaruka.

Baba yangu ana miaka 71. Presha anayo miaka mingi, na dawa anameza siku akijisikia vibaya tu. Jana alfajiri alikuwa anafunga vifungo vya shati, mkono wa kulia ukagoma. Akaniangalia kama mtu anayetaka kuniuliza kitu, midomo ikacheza, lakini kilichotoka hakikuwa neno. Akatapika, akalegea. Tunafika hospitali hafumbui macho mpaka abinywe ukucha. Presha ilisoma 214 kwa 118. Picha ya CT ikaonyesha damu imevujia ndani ya ubongo, kushoto, kwa ndani kabisa, na nyingine imeingia kwenye vile vyumba vya maji vya katikati. Nilimsikia daktari akimwambia mwenzake "mililita 35". Upasuaji walisema kwa sasa hapana, wanashusha presha na kumwangalia.

Jana jioni daktari, kijana mpole kabisa, alituita pembeni akasema kiharusi cha baba ni kikubwa na alama yake ni 3 kati ya 6. Kabla hajafafanua akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Kaka yangu yuko mbali, nikampigia nikamweleza. Haikupita nusu saa akanirudia: ameingia mtandaoni, amekuta jedwali, mwenye alama 3 ana asilimia 72 ya kufa ndani ya mwezi. Tangu hapo kwake baba ameshaondoka. Ameanza kuwapigia ndugu. Leo asubuhi tumeletewa karatasi inayouliza kama moyo ukisimama wamfufue au wasimfufue. Kaka anasema nisaini wasimfufue, na tena niombe wasitishe na hizo dripu na mipira yote. "Tusimtese mzee kwa ajili ya asilimia 28."

Daktari, sikatai ukweli. Lakini leo mchana nilimwekea kidole kwenye kiganja cha kushoto, akakibana. Kaka anasema ni misuli tu inajikunja. Mama hajui habari za alama wala asilimia. Kila nikitoka ndani ananishika mkono, ananiuliza neno lilelile: "Anapona, haponi?" Namwambia bado wanaangalia. Nimeshalisema hilo mpaka sasa haniangalii usoni.

Hiyo 72 ni ya baba yangu kweli? Nisaini? Na mama nimwambie nini?

Binti wa kwenye benchi

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole sana, na mama mfikishie pole yangu. Barua nyingine zinaweza kusubiri, yako haiwezi, kwa hiyo nimeipandisha juu ya zote.

Nianze na kaka, maana nahisi ungependa kusikia kwamba amekosea. Kusoma hajakosea. Jedwali lipo, na namba aliyoikuta ndiyo iliyoandikwa. Ila hakuna aliyemweleza ilikotoka, naye kwa uchungu aliokuwa nao hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Mwaka 2001 daktari mmoja wa Marekani, J. Claude Hemphill, na wenzake wa San Francisco walitaka kitu chepesi: madaktari wakizungumza kuhusu mgonjwa aliyevuja damu ubongoni, wawe na lugha moja ya kusema amezidiwa kiasi gani. Wakachukua wagonjwa 152, wakatafuta ni mambo gani yaliwatofautisha waliokufa ndani ya siku 30 na waliobaki hai. Yakabaki matano, kila moja likapewa alama zake, na zikijumlishwa zote zinafika 6. La kwanza ni fahamu, inayopimwa kwa kipimo cha Glasgow cha kuanzia 3 hadi 15: mwenye 13 na kuendelea hapewi alama, wa 5 hadi 12 anapewa 1, wa 3 au 4 anapewa 2. Damu ikifika mililita 30, alama 1. Ikiingia kwenye vyumba vya maji ya ubongo, 1. Ikianzia chini, kwenye shina la ubongo au ule ubongo mdogo wa kisogoni, 1. Umri wa miaka 80 na kuendelea, 1.

Mpigie baba hesabu. Umri hauna alama. Damu imeanzia juu, hakuna alama. Mililita 35, moja. Imeingia vyumbani, moja. Fahamu, kwa ulivyonisimulia, iko katikati, moja. Tatu. Daktari wenu amehesabu sawasawa.

Sasa hiyo 72. Katika wale wagonjwa 152, waliokuwa na alama 3 walikuwa watu 32. Wakafa 23, wakabaki hai 9. Gawanya 23 kwa 32 uone unapata nini. Ni hao tu, binti yangu: watu 32, katika jiji moja, zaidi ya miaka 20 iliyopita. Wenye alama 2 walikuwa 27, wakafa 7, ndiyo asilimia 26 ambayo kaka ameiona kwenye mstari wa juu yake. Wenye alama 4 walikuwa 29, akabaki mmoja.

Tazama jinsi ngazi moja ilivyo ndefu, kutoka 26 hadi 72, kisha tazama inavyopandwa. Damu hupimwa kwenye picha kwa kuzidisha urefu, upana na kina, halafu kugawa kwa mbili. Sentimita 5 mara 4 mara 3.5, gawa kwa mbili, ni mililita 35. Daktari mwingine akiweka mshale wake nusu sentimita ndani kidogo kwenye urefu, na milimita mbili kwenye kina, anapata 29.7. Mzee ni yuleyule, damu ni ileile, kitanda ni kilekile, na alama imeshuka kuwa 2. Sisemi wamepima vibaya. Nasema kipimo ambacho kidole cha mtu kwenye kipanya kinaweza kukisogeza kiasi hicho hakifai kuwa sababu ya kuanza kuwapigia ndugu simu.

Kuna jingine ambalo ningependa umuulize daktari, kwa sababu barua yako imelifichua bila wewe kujua. Baba amevuja kushoto, na jambo la kwanza ulilokutana nalo ni maneno kuvurugika. Kwa watu wengi upande wa kushoto ndio unaoshika lugha. Kipimo cha Glasgow kina alama 5 za kuongea kati ya zile 15, na mtu aliyepoteza lugha anazikosa hata kama yuko macho zaidi ya anavyoonekana. Hali ni hiyohiyo kwa aliyepewa dawa ya usingizi, au aliyepata degedege muda mfupi kabla hajapimwa. Uliza: "Alama za fahamu alizokosa ni za usingizi, au ni za maneno?" Daktari mzuri atakaa kidogo kabla ya kujibu.

Lakini nisikupe tumaini la bandia. Alama hizi zimejaribiwa baadaye katika hospitali nyingi za nchi mbalimbali, na mpangilio wake umesimama: alama zikipanda, vifo vinapanda, hata pale asilimia zenyewe zinapotofautiana. Kiharusi cha kuvuja damu ndicho kibaya kuliko kile cha mshipa kuziba. Ukiwachukua wote wanaokipata, wakubwa na wadogo wa hali, karibu 4 katika kila 10 hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Baba yako ni mgonjwa sana na anaweza kufa. Hilo lingekuwa kweli hata kama alama hizi zisingetungwa.

Twende kwenye karatasi, maana hapo ndipo kuna hatari ambayo kaka haijui, na kwa hakika hata madaktari ilituchukua muda kuikubali. Mwaka huohuo wa 2001 watafiti wengine wa Marekani walitoa onyo: wengi wa wagonjwa hawa wanakufa kwa sababu matibabu yalisitishwa, na yalisitishwa kwa sababu mtu alitabiri kwamba watakufa. Utabiri ukajitimiza. Kifo kile kikaandikwa, kikahesabiwa, kikaingia kwenye takwimu, na mgonjwa anayefuata akapimwa kwa takwimu hizo. Kwa hiyo unaposoma asilimia ya vifo katika jedwali lolote la ugonjwa huu, huwezi kujua ni wangapi damu ndiyo iliyowaua na ni wangapi walioachiwa mapema.

Ndiyo maana mwongozo wa 2022 wa American Heart Association, shirika la Marekani la magonjwa ya moyo na kiharusi, unasema alama hizi zisitumike peke yake kutabiri hatima ya mgonjwa mmoja, na kwamba kama mgonjwa hakuwa ameweka mipaka yake mwenyewe kabla, familia na madaktari waahirishe kuweka mipaka mipya ya matibabu angalau hadi siku ya pili kamili ya kulazwa. Baba kalazwa jana. Siku ya pili kamili ni kesho, na kesho ikifika hakuna anayekulazimisha uamue kesho hiyohiyo.

Kaka pia amefunga mambo mawili kwenye kamba moja. Kusema moyo ukisimama wasimfufue ni jambo moja. Kusitisha dripu, dawa za presha, mipira na uangalizi ni jambo jingine kabisa, na saini ya la kwanza haipaswi kupunguza hata kidonge kimoja cha la pili. Uliza wazi kwamba hospitali hiyo nayo inalielewa hivyo, maana nimeshaona mgonjwa aliyeandikiwa "asifufuliwe" akianza kupitwa na raundi za asubuhi. Hakuna aliyekusudia. Ni macho tu yanajifunza kuruka kitanda.

Ningekuwa mimi niko kwenye hilo benchi, leo nisingesaini chochote cha kusitisha matibabu. Ningewaambia: "Mtibuni kwa nguvu zote, tukutane tena baada ya siku mbili, na tukutane wote." Vitu viwili tu vingenibadilisha. Kimoja ni kama baba mwenyewe alishasema huko nyuma, akiwa na akili zake, kwamba akifika hali kama hii asifanyiwe hivi au vile. Neno lake linatangulia langu na la kaka. Kingine ni madaktari waje waseme shina la ubongo linazimika: mboni za macho haziitikii mwanga, hakohoi mpira ukiguswa kooni, pumzi yenyewe inakata. Hapo kungoja siku ya pili si lazima, na hakuna atakayekulaumu.

Usidhani siku hizi ni za kukaa tu. Damu iliyovuja inaweza kuendelea kuongezeka, na hatari kubwa ni saa za mwanzo hadi saa 24 hivi. Ndiyo sababu ya kuishusha ile 214, mara nyingi wakilenga karibu 140 ya juu, kwa utaratibu na bila kuiporomosha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, INTERACT3, ulionyesha kuwa kufanya mambo ya kawaida kwa haraka na kwa pamoja, yaani presha, sukari, homa na kuzima nguvu ya dawa za kuyeyusha damu kama warfarini, kulipunguza idadi ya waliokufa au kubaki na ulemavu mzito. Hakuna hata kimoja hapo cha ajabu. Kama baba anameza dawa yoyote ya kuyeyusha damu na hujawaambia, nyanyuka uwaambie sasa hivi, barua utamalizia kuisoma baadaye.

Damu ikishatulia, uvimbe unaizunguka, nao huongezeka kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usishangae siku ya tatu au ya nne akionekana mzito kuliko leo, na usimruhusu mtu akwambie kwamba hiyo ndiyo dalili ya mwisho kabla hajapigwa picha nyingine. Ile damu ya kwenye vyumba vya maji nayo inaweza kuziba njia, maji yakajaa, mgonjwa akazidi kusinzia. Hilo lina dawa: mrija unaweza kuwekwa kuyatoa. Muulize daktari kama vyumba vimetanuka, na kama vikitanuka mpango wao ni upi. Na tafadhali, mtu yeyote asimpe kinywaji kwa kijiko hata akionekana anatafuna hewa. Mpaka kumeza kwake kupimwe, tone likikosea njia linaenda kwenye mapafu, na homa ya mapafu inawamaliza wengi ambao ubongo uliwaachia.

Mama anauliza anapona au haponi. Angalia kwamba ile alama haikutungwa kumjibu. Inazungumzia kuwa hai siku ya 30, basi. Haisemi kama atatembea, ataongea, atajifunga vifungo vya shati. Kwa hayo kuna kipimo kingine cha mwaka 2008, FUNC, kinachokisia nani atajitegemea baada ya miezi 3, na hicho kinauliza hata kama mgonjwa alikuwa na tatizo la kumbukumbu kabla ya kiharusi. Nacho ni makisio ya kundi.

Mimi zaidi nataka ujue kuhusu muda. Ubongo uliosukumwa na damu hurudi polepole, na wengi huendelea kupata nafuu hadi mwaka mzima. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa 715 waliokuwa na ulemavu mzito siku ya 30, wale ambao ungewatazama ungesema imekwisha. Baada ya mwaka, 308 walikuwa wanatembea bila kushikwa na mtu, hata kama wengine bado walihitaji kusaidiwa mambo kadhaa. Walikuwa wagonjwa waliochaguliwa kuingia kwenye majaribio ya matibabu, kwa hiyo usimhesabie baba asilimia zao kama kaka alivyomhesabia zile 72. Chukua hili tu: hata picha ya mwezi wa kwanza si picha ya mwisho. Na waliobaki, zaidi ya nusu, hawakufika hapo. Mkono unaweza usirudi. Maneno yanaweza kurudi machache.

Mama usimfiche. Ukishasema "bado wanaangalia" mara kumi, anayeisikia anajua kuna neno limezuiwa, na hofu anayojitungia ni kubwa kuliko hiyo unayomfichia. Mkalishe, umwambie hivi, kwa maneno yako: baba ni mgonjwa sana, anaweza kufariki mwezi huu, anaweza pia kuishi, na akiishi huenda upande wa kulia na kuongea visirudi vyote, kwa sasa wanazuia damu isiongezeke, na siku chache zijazo zitatuonyesha zaidi. Halafu nyamaza, mwache alie au aulize.

Kisha wewe ndiye umuulize yeye. Maisha gani baba angeyakubali? Angeweza kukaa kwenye kiti, akilishwa, akiwajua watu wake lakini hawaiti kwa majina? Angesema ni heri, au angesema hapana? Katika nyumba yenu mwenye elimu ya hilo ni mama, amekaa naye miaka yote hiyo, na ninyi mmemweka nje ya mazungumzo. Daktari analeta kinachowezekana, mama analeta anachokijua kuhusu mumewe. Kikao kijacho mama awemo, na kaka awe kwenye simu yenye sauti ya nje, asikie kwa masikio yake badala ya kusikia kwako usiku umechoka. Kwa kaka sina neno kali. Mtu aliye mbali hana kidole cha kuweka kwenye kiganja, ana jedwali tu.

Na hicho kidole. Kaka anaweza kuwa na haki: ukigusa kiganja cha mtu ambaye ubongo wake umeumia, mkono unaweza kujifunga wenyewe kama wa mtoto mchanga. Kwa hiyo kubana pekee hakutuambii kitu. Kesho, wakati hajapewa dawa ya usingizi karibuni, mwache akishike kidole, kisha umwambie aachie. Kujifunga kwa msuli hakujui kuachia kwa kuambiwa. Kwa kuwa maneno yanaweza kuwa hayamfikii, mwonyeshe pia: simama upande wa kushoto, mbele ya macho yake, inua vidole viwili, umsubiri kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, hesabu polepole hadi 20. Toa ulimi uone kama atatoa wake. Usimchoshe, mara mbili tatu zinatosha. Akifanya hata mara moja, andika saa uliyoiona, na umwite muuguzi aje aone mwenyewe kabla hujampigia kaka.